Mwanangu anataka kuacha fizikia kisa hesabu, huyu Faraday ilikuwaje?

MamaSwalehe (Chumbageni, Tanga)
Wakuu habari za jioni. Kijana wangu anaingia kidato cha tatu na ameshanitangazia kwamba fizikia anaacha, hesabu hazimpandi, ila huyo huyo ukimpa redio mbovu atakesha nayo. Mwalimu mmoja kaniambia nimsimulie habari za Michael Faraday, eti mwanafizikia mkubwa na hesabu alikuwa hajui, ni kweli au ananifariji tu?

fundi_mota_ngamiani
Kweli kabisa dada. Kazaliwa 1791 Uingereza, baba yake mhunzi, shule kasoma kidogo sana, akiwa na miaka 14 akapelekwa kujifunza kujalidi vitabu London. Sasa vile vitabu alivyokuwa anavishona akawa anavisoma, ndo humo akakutana na umeme. 1812 akapata tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, bingwa wa kemia wa wakati ule, akaandika yote aliyosikia, akayajalidi mwenyewe akamtumia Davy na kuomba kazi. 1813 akachukuliwa msaidizi pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London.

Alafu 1831 akagundua hiki kinachonilisha mimi mpaka leo. Ukiingiza sumaku ndani ya koili ya waya umeme unapita, sumaku ikitulia hamna kitu, lazima kiwepo mwendo. Vituo vyetu vya umeme, Hale megawati 21, New Pangani Falls megawati 68, yote ni maji ya mto Pangani yanazungusha sumaku kwenye koili. Nikisuka mota namkumbuka sana yule mzee.

mwl_pongwe
Naomba niweke sawa kidogo. Hesabu za juu hakuwa nazo ni kweli, yeye alifikiri kwa picha, ile mistari ya nguvu za sumaku tunayowaonyesha watoto kwa unga wa chuma ni fikra yake. Lakini aliyekuja kuiweka kwenye hesabu ni James Clerk Maxwell, na hesabu hizo ndo zilionyesha kwamba yapo mawimbi ambayo leo redio inayapokea. Kwa hiyo mama Swalehe usimwambie mtoto hesabu hazina kazi, mwambie asizifanye sababu ya kukimbia.

Mi ninachompendea zaidi ni alivyowafundisha watu wa kawaida. 1825 pale Royal Institution ilianza mihadhara ya Krismasi kwa vijana, inaendelea hadi leo, na yeye mwenyewe aliitoa misimu 19. Kuna msimu mzima aliongelea mshumaa tu! Jaribuni leo, uwasheni uwake vizuri, uzimeni, ule moshi mweupe unaopanda usogezeeni njiti ya kiberiti inayowaka bila kugusa utambi, moto utaruka wenyewe kurudi chini. Maana kinachowaka pale ni mvuke wa nta, na ule moshi ni nta hiyo hiyo.

MamaSwalehe
Tumejaribu umeruka kweli!! Amerudia mpaka mshumaa umekwisha, sasa anauliza mvuke wa mafuta ya taa nao uko hivyo. Sumaku na waya tunapata wapi?

mwl_pongwe
Mafuta ya taa msijaribu nyumbani mama, aje niulize nimweleze.

fundi_mota_ngamiani
Sumaku atoe kwenye spika mbovu, waya wa shaba mwembamba ninao mabaki mengi, aje Jumamosi asubuhi achukue bure na mita ya kupimia umeme nitamwazima aone mshale unavyocheza. Umeme wa ukutani asiuguse kabisa, sumaku na mkono wake vinatosha.