Figo ya mtoto imejaa maji: turudie utrasaundi au twende CT Dar?

Mama Ngamiani: Wapendwa, mwanangu figo imejaa maji. Daktari mmoja anasema turudie utrasaundi hapahapa Tanga, mwingine anataka CT, ile picha ya mashine kubwa, Dar. Pesa yangu ni ya kimoja. Nishaurini.

Makorora Mwisho: Dada, umri? Wa kike au wa kiume? Figo moja au zote? Uvimbe wa milimita ngapi?

Mama Ngamiani: Samahani. Wa kiume, wiki tatu. Ya kushoto, milimita 12. Alipimwa siku aliyozaliwa.

Mpiga Picha: Siku ya kwanza mtoto ana mkojo kidogo, uvimbe waweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo. Hiyo 12 usiishike sana, rudia. Utrasaundi haina mionzi. CT inayo, kwa kichanga hawaanzi nayo.

Mama Mapacha: Watakupeleka kipimo cha mpira, kataa! Wangu alikuwa na miezi minane. Wakampitisha mpira njia ya mkojo, wakajaza dawa kibofuni, wakangoja akojoe huku wanapiga picha. Analia mpaka sauti ikakauka, mimi nimemshika miguu. Usiku homa. Kumbe mkojo haukupimwa kabla, alikuwa na maambukizi tayari. Tukalazwa siku tano. Jina la hospitali silitaji.

Mpiga Picha: Pole sana. Ila hapo kosa ni kutopima mkojo. Kwa mvulana kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama kuna kizuizi kwenye njia, au mkojo unapanda kurudi figoni. Utrasaundi inaona uvimbe, chanzo mara nyingi haikisemi.

Mama Mapacha: Rahisi kusema, hukumshika wewe.

Babu Chumbageni: Sisi tulinyweshwa maji ya dafu, figo safi.

Makorora Mwisho: Wiki tatu, babu! Dafu la nini? Ziwa la mama tu.

Babu Chumbageni: Anywe mama basi.

Raskazone: Kuna na kile cha sindano ya mionzi kidogo, kinaonyesha kila figo inafanya kazi kiasi gani. Wa binamu yangu aliambiwa asubiri kwanza akue kidogo, figo bado changa. Una bima?

Mama Ngamiani: Ya baba yake, mtoto hajaandikishwa bado.

Makorora Mwisho: Anza na hilo, kesho asubuhi!

Mpiga Picha: Kabla ya bima: akikojoa, mkojo unaruka au unadondoka matonematone? Ukidondoka, huenda kuna kizuizi, usingoje, nenda hospitali ya Bombo leo.

Mama Ngamiani: Sijawahi kuangalia, anavaa pampasi. Ngoja nimvue.