"Msaidizi wa kufanana naye": Mwanzo 2:18 inamshusha mke?

Nyuki_Mweusi: Wakuu, Jumamosi nilikuwa harusini. Mchungaji akasoma Mwanzo 2:18, akamgeukia bibi harusi: "Umesikia? Wewe ni msaidizi." Ukumbi ukacheka. Nimerudi nikafungua Kiebrania. Neno la "msaidizi" ni *ezer*, lile lile la Zaburi 121, "msaada wangu u katika BWANA". Kutoka 18:4 Musa anamwita mwanawe Eliezeri kwa kuwa Mungu alimsaidia akapona upanga wa Farao. Je, Mungu naye ni mdogo wetu? Na *kenegdo*, hilo "wa kufanana naye", ni mtu aliye mkabala nawe, uso kwa uso. Karibuni.

Bwana_Shoka: Kiebrania cha kwenye simu hicho. Bibi zetu walisoma Kiswahili na ndoa zikadumu. Gari lina dereva na utingo, mke ni utingo. Mkishika usukani wawili mtaishia korongoni.

Mama_Pacha: Zilidumu kwa sababu bibi hakuwa na pa kwenda.

Kitabu_Wazi: Mleta mada, hoja yako inavuka mpaka. Kama *ezer* ya Mungu ndiyo kipimo, basi mke yuko JUU ya mume, na hilo hujalisema. Neno hili linataja kazi, halitaji cheo. Cheo kinaingia Mwanzo 3:16, "naye atakutawala", baada ya tunda kuliwa. Kwa hiyo utawala ni mpango au ni laana? Nijibuni hapo.

Taniboi_Mstaafu: Bwana Shoka, mimi nimekuwa utingo miaka 9, Dar hadi Tunduma. Umewahi kupanda mlima Kitonga na mzigo? Lori likianza kurudi nyuma, nani anaruka na gogo kuziba tairi? Dereva yuko kwenye kiti chake anamwita Yesu.

Bwana_Shoka: Na nani analipwa zaidi?

Taniboi_Mstaafu: Posho yangu aliila huyo huyo dereva.

Mama_Pacha: Hapo sasa ndiyo tumeingia kwenye ndoa yenyewe.

Mzee_wa_Pwani: Kuna rabi mmoja, nadhani wa Hispania, alisema mume akistahili, mke ni msaada. Asipostahili, mke ni wa kupambana naye.

Nyuki_Mweusi: Ni Rashi, mzee. Mtu wa Troyes, Ufaransa, karne ya 11. Maneno yenyewe yamo tayari kwenye Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, sehemu ya Yevamot. Wanacheza na hiyo *kenegdo*, maana inasomeka pia "kinyume chake".

Bwana_Shoka: Basi wewe hukustahili, ndiyo maana unashinda humu usiku.

Nyuki_Mweusi: Sijaoa.

Bwana_Shoka: Kumbe! Kapera anatufundisha ndoa! Nendeni 1 Timotheo 2:13, Paulo anasema Adamu aliumbwa kwanza. Nimemaliza.

Mama_Pacha: Na huyo Paulo alikuwa na wake wangapi?

Bwana_Shoka: Usimchezee mtume wewe mwanamke.

Mama_Pacha: Nimeuliza hesabu tu. Na aliyeumbwa kwanza ni samaki na ndege, wakutawale.

Dogo_Mwanafunzi: Ila wanaume tuna ubavu mmoja pungufu, hiyo ni sayansi.

Kitabu_Wazi: Jihesabu, dogo. Ni 12 kila upande, kwa wote. Halafu *tsela*, Kiebrania cha huo "ubavu", ni "upande" pia, ndilo neno la Kutoka 25:12, zile pete za sanduku la agano, mbili upande huu na mbili ule. Huenda Adamu aligawanywa, hakung'olewa mfupa. Lakini swali langu la 3:16 mbona mmelikimbia?

Taniboi_Mstaafu: "Nitayainua macho yangu niitazame milima." Mtunga zaburi angeijua Kitonga angeongeza mstari wa utingo.

Mzee_wa_Pwani: Kwani bado wanatumia gogo? Siku hizi si wanabeba vyuma?

Taniboi_Mstaafu: Gogo, mzee. Chuma kinateleza kwenye lami ikilowa.

Bwana_Shoka: Uongo. Shemeji yangu ana malori mawili, yote yana vyuma.

Kitabu_Wazi: 3:16, jamani.

Taniboi_Mstaafu: Subiri mkuu. Huyu kwanza aseme kama amewahi kubadilisha tairi hata la baiskeli.