Tupeane uzoefu: kuuguza mgonjwa wa kiharusi nyumbani bila anayeuguza kuanguka yeye

Kibatari (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele. Nyuzi za dawa za kiharusi ziko tele, za anayeuguza hakuna. Mgonjwa akitoka wodini anakabidhiwa kwa mke, binti au mkwe pamoja na karatasi ya kliniki, basi. Namna ya kumgeuza mtu wa kilo 80 haimo kwenye karatasi hiyo. Tuijaze wenyewe. Masharti mawili tu: tusisimuliane nani aliugua lini, na pole tuziache, tunazo za kutosha. Andika kinachofanywa, mara ngapi, na kinaharibikia wapi.

Naanza na usingizi, maana ndio unaotangulia kwisha. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Hesabu za usiku: saa nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili. Mtu mmoja akizibeba zote hajalala, kasinzia tu, na wiki ya pili anaanza kukosea dawa. Usiku ukatwe vipande viwili: wa kwanza akeshe saa tatu hadi saa nane, wa pili apokee hadi kumi na mbili na nusu. Aliye nje ya zamu alale chumba kingine, mlango umefungwa, simu imezimwa. Akitandika mkeka palepale kando ya kitanda, kila mgonjwa akikohoa naye anashtuka. Hiyo ni zamu ya jina.

Nesi wa Zamu

Mkuu umeanza pazuri, ila niongeze kitu kitakachowapa watu usingizi zaidi. Saa mbili ni pa kuanzia. Kama godoro ni zuri, yaani sponji nzito ambayo ukiikandamiza na ngumi hugusi mbao, na ngozi imekuwa safi wiki nzima, usiku jaribuni saa tatu, baadaye nne. Asubuhi kagua. Ukikuta alama, rudi nyuma.

Kukagua kwenyewe wengi wanakosea, kwa sababu wanaambiwa watafute wekundu. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu. Tafuta sehemu iliyozidi weusi au yenye rangi ya zambarau kuliko jirani yake, kisha gusa kwa mgongo wa mkono: je, ni ya moto, au ngumu kama imekaza? Kama ndiyo, mgonjwa asilalie upande huo mpaka iishe. Pa kuangalia ni visigino, nyonga, juu kidogo ya matako mfupa unapoishia, viwiko, kisogo, na sikio la upande anaoulalia.

Usimlaze ubavu kamili, atalalia mfupa wa nyonga. Mto mmoja nyuma ya mgongo, aegemee nusu. Mto mwingine chini ya vigimbi vya miguu, visigino vielee, visiguse shuka. Yale maringi ya kukalia kama mpira wa gari yaacheni, yanabana damu kuizunguka sehemu mnayotaka kuiokoa. Na sehemu iliyobadilika rangi isisuguliwe na spiriti wala mafuta ya moto, mtaichana ndani kabla ya nje.

Nyingine: mkimvuta juu kitandani msimburute. Kuburuta kunachubua haraka kuliko kulala.

Mtu wa Fizio

Hapo kwenye kuburuta ndipo migongo ya wauguzaji inapoishia, nitakaa hapo kidogo.

Chukua shuka moja imara, likunje mara mbili, litandike chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi mapajani. Libaki hapo siku zote. Kumpandisha, simameni wawili, mmoja kila upande. Viringisheni ukingo wa shuka mpaka ngumi zenu ziguse mwili wake, kunjeni magoti kidogo, mgongo unyooke, mhesabu "moja, mbili, tatu" na kumtelezesha. Mnatelezesha, hamnyanyui. Mkishika shuka mbali na mwili wake, uzito wote unaingia kiunoni mwenu.

Kitanda cha chini ndicho adui. Ukimwosha mtu huku umeinama dakika 20, mara mbili kwa siku, kiuno kitadai chake. Inueni miguu ya kitanda kwa matofali mpaka godoro lifike usawa wa nyonga yako. LAKINI hii ni kwa mgonjwa asiyejaribu kuinuka. Kama ana tabia ya kushuka mwenyewe usiku, kitanda kibaki chini, miguu yake ifike sakafuni, na wewe ndiye upige magoti juu ya kipande cha sponji.

Kumhamishia kwenye kiti: kiti kiwe upande wake wenye nguvu, kimegusa kitanda, kimekaa mshazari. Cha magurudumu kifungwe breki na vikanyagio viinuliwe. Viatu avae, soksi peke yake zinateleza. Msogeze akae ukingoni, miguu yote miwili chini, ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Hapo matako yanainuka karibu yenyewe. Watu wengi wanamvuta juu akiwa bado amekaa wima, ndiyo maana anakuwa mzito kama gunia. Goti lako lizuie goti lake bovu lisikunjike. Mshike kiunoni kwa mkanda mpana uliofungwa juu ya nguo, kanga inafunguka.

Kwapani, hapana. Na mkono uliopooza usiuvute hata siku moja: misuli ya bega imelegea, bega linashuka kwenye kiungo chake, na maumivu yake huchukua miezi. Asikukumbatie shingoni pia.

Akianza kuanguka usishindane naye. Mguu wako mmoja mbele, mwache ateleze juu ya paja lako hadi sakafuni taratibu, mwekee mto, ita watu. Mgonjwa aliyekaa sakafuni si msiba. Kiuno cha muuguzaji kikifyatuka mna wagonjwa wawili.

Bint Makunduchi

Ahsante sana, kaka wa fizio. Miye nitie neno kwenye kulisha.

Maji matupu na chai ndivyo vinavyopalia zaidi, kwa sababu vinakimbia kabla koo halijajifunga. Uji uwe mzito wa kudondoka polepole kijikoni. Akae wima kabisa, kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani. Kichwa kikiegemea nyuma njia ya hewa iko wazi, chakula kinaingia humo. Nusu kijiko cha chai, ameze, ndipo kingine. Baada ya matonge machache mwambie aseme "aaa". Sauti ikiwa ya majimaji, kama mtu aliyewekewa maji kooni, acha kulisha hapo. Upande uliopooza unaficha chakula shavuni, pitisha kidole chenye kitambaa safi. Akimaliza abaki amekaa nusu saa, kisha asafishwe kinywa, maana uchafu wa kinywani ukishuka kifuani ndio unaoleta nimonia.

Mlo mmoja hivyo ni dakika 30 hadi 40. Basi anayelisha ale yeye kwanza, chakula kikiwa cha moto. Akingoja kumaliza kulisha atakula makombo amesimama, na mwezi haumaliziki nguo zimempwaya.

Shangazi Kikoba

Nyie wote mmeongelea mikono miwili. Mikono mingine iko wapi? Nyumba nyingi ni binti mmoja asiyeolewa, ndugu watano wako kwenye grupu la WhatsApp wanatuma viganja vya dua.

Kuomba "mnisaidie jamani" hakuleti mtu. Fanya hivi: daftari la siku saba. Andika kila kazi na saa yake. Kugeuza mara 12 kwa siku, kubadili pempasi mara 5, kulisha mara 3, kufua, dawa, mazoezi ya viungo. Lipige picha, litume kwenye grupu, halafu omba kitu chenye saa na jina: "Jumamosi saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni nani anakaa?" Swali la hivyo halijibiwi kwa kiganja.

Aliye mbali ana kazi yake. Pempasi za wakubwa, kwa mfano. Zikienda 5 kwa siku ni 150 kwa mwezi, pakiti 15 za kumi kumi. Mtu mmoja abebe hizo moja kwa moja, zisipite kwenye pesa ya mboga. Mkitaka kupunguza: pempasi usiku, mchana vitambaa vya kanga nzee juu ya mpira wa kutandika, na ngozi ipakwe vaselini nyembamba kila akibadilishwa. Pesa za mgonjwa zikae kwenye laini yake ya simu, risiti zipigwe picha siku hiyohiyo. Ugomvi wa "pesa zilienda wapi" humchosha anayeuguza kuliko kufua.

Wanaume msijifiche nyuma ya stara. Kumwosha mama hukuwezi, sawa. Kupanga foleni ya kliniki, kufua, na ile zamu ya saa nane usiku vinahitaji stara gani? Na wageni wa kuja kumwona mgonjwa wakasubiri chai: jembe la siku ya tatu ni beseni la nguo.

Msoma Mkataba

Kwa walioajiriwa Tanzania Bara, msiombe likizo kwa kubahatisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtoto akiugua au kufariki, au akifariki mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Soma tena: mzazi anapofariki. Mzazi kuugua hakumo humo. Kwa hiyo silaha yako ni likizo ya mwaka, siku 28. Watu huimaliza mgonjwa akiwa bado wodini, ambako manesi wapo. Itunze kwa wiki mbili za kwanza akirudi nyumbani.

Wa Nyali

Kwa walio Kenya, Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za kujikimu, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na kuna fungu la wenye ulemavu mkubwa ambalo hupokelewa na anayemtunza. Hazitoshi pempasi, lakini ni siku kadhaa za mtu wa kufua.

Nesi wa Zamu

Narudi kwa jambo moja. Siku ya kliniki ya mzee, muuguzaji naye apimwe presha hapohapo. Wengi wana dawa zao na wameziacha. Dalili nyingine: zamu si yako na bado huwezi kulala, unamkaripia kwa kukojoa, unalia bila sababu, na hali hiyo imefika wiki mbili. Huo ni ugonjwa, unatibika, nenda kliniki ya afya ya akili. Na ukisikia mkono unataka kumpiga, mlaze kiubavu salama, toka nje dakika kumi, mpigie mtu aje.

Mgeni Rasmi

Wakuu, na mgonjwa anayevuta mpira wa mkojo usiku kucha? Tumeshafikiria kumfunga mikono.

Nesi wa Zamu

Msimfunge. Ndani ya kibofu mpira umeshikiliwa na puto la maji, akiuvuta kwa nguvu anachana njia. Ubandikeni pajani kwa plasta, uwe na ulegevu kidogo. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili. Kisha tafuteni kinachomsumbua: mpira umejikunja, mkojo hautoki na tumbo la chini limejaa, au hajapata choo siku tatu. Kama kuchanganyikiwa kumeanza ghafla, au mkojo una damu, au ana homa, msingoje asubuhi.

Mgeni Rasmi

Choo siku ya nne leo.

Nesi wa Zamu

Anzeni hapo. Alfajiri mpelekeni kituoni, na leo usiku aliye zamu akae naye macho, wewe ulale.