Nimezitaja mbinu zote kwenye insha, mwalimu anasema sijachambua

Swali
Wakuu, habari za wakati huu. Tulipewa ile barua aliyoandika Martin Luther King Jr., mtetezi wa haki za Weusi wa Marekani, akiwa gerezani Birmingham, Aprili 1963, tuchambue anavyomshawishi msomaji. Nikapita nayo mstari kwa mstari: hapa ethos, hapa pathos, hapa logos, hapa takriri, hapa sitiari. Kurasa tatu. Zimerudi na maneno mawili ya wino mwekundu: "Umetaja, hujaeleza." Siku ya pili leo nayatazama. Kama mbinu ipo na nimeiona, kimebaki nini?

Jibu 1
Mdogo wangu, amebaki msomaji. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipozitenga ethos, pathos na logos, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikuwa anatafuta kinachomfanya mtu akubali: kumwamini msemaji (ethos), kuguswa moyo (pathos), au uzito wa hoja yenyewe (logos). Kwa hiyo ukiandika "hapa pana ethos", jiulize nani alikuwa hamwamini msemaji, na kwa nini.

King alikuwa anawajibu viongozi wanane wa dini, weupe, waliosema maandamano yake ya kupinga ubaguzi wa rangi hayana busara wala wakati wake haujafika, na kwamba yanaongozwa na watu wa nje. Sasa rudi mwanzo wa barua. Anawaita viongozi wenzake. Anaeleza kuwa yeye ni rais wa jumuiya ya Kikristo yenye matawi majimbo ya kusini, na tawi la pale pale ndilo lililomwita. Hapo hajisifu hata kidogo. Analing'oa neno "mtu wa nje", maana likibaki hakuna litakalosikika baada yake.

Halafu fika pale anapojibu kuhusu kusubiri, usiharakishe. Kuna sentensi moja yenye maneno zaidi ya 300 kwa Kiingereza. Inaanza na "lakini mkishaona", kisha inarudia, inarudia tena: makundi yanayoua wazazi wenu, polisi wanaopiga ndugu zenu, binti wa miaka sita anayeuliza kwa nini haruhusiwi kwenda kwenye bustani ya michezo aliyoiona ikitangazwa kwenye televisheni. Kishazi kikuu, kile kinachokamilisha maana, hakiji. Unakitafuta, pumzi inakuishia, na kinapofika kinasema: ndipo mtaelewa kwa nini kusubiri kunatuwia vigumu. Amekusubirisha! Nimeifundisha barua hii miaka minne bila kuliona hilo, mpaka siku niliyoisoma darasani kwa sauti, nikaishiwa pumzi katikati. Jina "takriri" peke yake lisingenionyesha.

Jibu 2
Naongezea kwenye logos, maana wengi huipita haraka. Kabla ya sentensi hiyo ndefu anataja hatua nne: kukusanya ushahidi kama dhuluma ipo, kufanya mazungumzo, kujitakasa, ndipo kuchukua hatua. Anaonyesha kwamba wamezipitia. Angeanza na yule binti wa miaka sita, wale wanane wangesema ni jazba tu. Mpangilio nao uchambue.

Muulizaji
Asanteni sana, walimu wangu. Nimeandika upya aya moja: "Kwa kurudia kishazi kilekile, King humfanya msomaji ahisi huzuni." Na je, nikiona mbinu nisiyoijua jina?

Jibu 1
Jina ukilikosa, eleza kinachotokea kwenye sentensi kwa maneno yako. Mimi ningekupa alama zote. Ila hiyo "ahisi huzuni" ifute. Inafaa shairi lolote, msiba wowote. Wale wanane ndio waliomshauri asubiri, na sasa wameshikwa ndani ya sentensi isiyokwisha. Iandike tena ukianza na wao.