Kiongozi akinywa pombe, tumhoji nini hasa?

Mleta mada: Picha ya kiongozi mwenye glasi mkononi ikisambaa, wengine wanasema hafai, wengine wanasema ni maisha yake. Mimi nataka tuulize jambo linalopimika: anapotia saini, ana kilevi mwilini? Ini huondoa takribani gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu kama 20. Aliyekunywa tano kati ya saa tatu na saa sita usiku, saa kumi na mbili alfajiri bado anayo damuni, hata akioga na kunywa kahawa kali. Rubani nchini Marekani haruhusiwi kurusha ndege kabla ya saa 8 kupita tangu anywe, na kilevi katika damu yake lazima kiwe chini ya asilimia 0.04. Kwa nini waziri asibanwe hivyo?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Rubani ana zamu, rais hana. Anaweza kuamshwa saa tisa usiku. Ukimpa sharti la saa 8 umempiga marufuku moja kwa moja, basi sema hivyo waziwazi. Halafu kipimo atakishika nani? Msaidizi anayemtegemea kwa ajira atasoma namba anayotakiwa kusoma. Heri kukabidhi madaraka. Novemba 2021 Biden, akiwa rais wa Marekani, alipopewa dawa ya usingizi kwa uchunguzi wa utumbo, makamu wake Harris alishika mamlaka kwa dakika 85, kwa barua rasmi. Lakini Oktoba 1973, vita vikiendelea Mashariki ya Kati, waziri mkuu wa Uingereza alitaka kuzungumza na Rais Nixon wa Marekani kwa simu, na Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Nixon, akamwambia msaidizi wake kwamba rais amelewa. Mamlaka hayakukabidhiwa kwa yeyote.

Mchangiaji wa pili: Kinachoniumiza ni kuficha. Charles Kennedy aliongoza chama chake Uingereza miaka mingi huku walio karibu naye wakijua tatizo lake, na alipoulizwa alikanusha. Alikiri Januari 2006, akajiuzulu siku chache baadaye. Angetibiwa mapema kama kukiri kusingekuwa sawa na kufukuzwa! Ulevi wa kupindukia ni ugonjwa, jamani. Tukiuchukulia kama aibu tu, tunawafundisha kujificha.

Mchangiaji wa tatu: Naungana na mleta mada kuhusu kipimo, kwa sababu macho yanadanganya. Shoichi Nakagawa, waziri wa fedha wa Japani, alizungumza na wanahabari Roma Februari 2009 ulimi ukiwa mzito, akasinzia. Akasema ni dawa za mafua. Inawezekana, maana baadhi ya dawa hizo huleta usingizi, na zikichanganyika na mvinyo kidogo usingizi huongezeka. Alijiuzulu bila kupimwa.

Mleta mada: Hoja ya msaidizi naipokea. Basi apime daktari asiyeteuliwa na kiongozi, na majibu yaende kwa makamu tu. Mchangiaji wa kwanza, hapo bado unapinga?