Daftari la wapiga kura la 2010 lilikuwa na watu milioni 20, waliopiga kura milioni 8. Hawa wengine mbona hakuna anayewauliza?

Wakuu, heshima mbele.

Tangu Jaji Makame, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, atangaze matokeo ya urais wa Tanzania tarehe 5 Novemba 2010, ugomvi ni ule ule: nani kachakachua na nani kachakachuliwa. Dk. Slaa, mgombea wa Chadema, kayakataa matokeo, wabunge wa chama chake wamenyanyuka bungeni Dodoma wakamwachia Rais Kikwete wa CCM ukumbi, CCM nao wanalia kuvunjiwa heshima. Haya, gombaneni. Lakini kuna namba imesomwa mchana kweupe na watu wameipita kana kwamba wamesomewa utabiri wa hali ya hewa. Waliojiandikisha ni 20,137,303. Waliopiga kura ni 8,626,283. Asilimia 42 na ushee! Watu milioni 11 na nusu hawakutia mguu kituoni, na nchi inaendelea kama kawaida.

Mwaka 2005 tulifika asilimia 72. Kikwete huyu huyu alizoa kura zaidi ya milioni 9. Safari hii daftari limevimba kwa watu zaidi ya milioni 3 na yeye kaambulia 5,276,827. Chukua kalamu upige hesabu: ni kama robo tu ya waliomo kwenye daftari. Na nyie wa upinzani msianze kushangilia, maana kura 2,271,941 za Dk. Slaa ni kama mtu mmoja kwa kila tisa waliojiandikisha. Mikutano ilifurika, watu wamepanda juu ya miti, halafu siku ya kura, Oktoba 31, hao hao hawaonekani. Walikuja kumwangalia nani?

Kinachonichefua zaidi ni majibu. Nimemsikia mkubwa mmoja wa chama akisema watu hawakujitokeza kwa sababu wameridhika na amani iliyopo. Wameridhika! Mwingine anasema Watanzania ni wavivu. Basi ngoja niwaambie nilichokiona kituoni kwangu.

Orodha zilibandikwa ukutani, shule ya msingi, karatasi moja juu ya nyingine, upepo unazipeperusha. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, tulishamzika na arobaini ikapita zamani, jina lake limo, safi kabisa, wala halijakosewa herufi. Mjukuu wake kasimama pale pale, kadi mkononi, jina lake hakuna. Akaambiwa ajaribu kituo cha jirani. Kule wakamwambia arudi alikojiandikishia. Akarudi, foleni ikawa imekaa vile vile, msimamizi hata hamtazami usoni. Akaitia kadi mfukoni akaenda zake. Huyo naye mvivu?

Kwa hiyo hata hiyo milioni 20 siiamini. Ndani yake kuna marehemu, kuna waliohama, kuna walioandikishwa mara mbili. Halafu tuache unafiki: mwaka huo wa 2010 nchi haikuwa na kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura ndiyo ilikuwa kitambulisho chetu. Kufungua akaunti benki waliitaka, kusajili laini ya simu waliitaka, kumdhamini mtu polisi waliitaka. Watu wengi walipanga foleni ya kujiandikisha kwa ajili hiyo, kura haikuwemo kichwani mwao hata siku moja. Tume inalijua hilo kuliko mimi, ila ukiongeza majina ni sherehe, ukiyasafisha ni kazi.

Na wanafunzi wa vyuo je? Hili linaniuma kwa sababu mdogo wangu ni mmojawapo. Walijiandikisha vyuoni wakiwa masomoni. Kufungua vyuo kukasogezwa mpaka Novemba, uchaguzi ukiwa umeshapita. Sheria inasema unapigia kura ulikojiandikisha. Kijana yuko nyumbani mkoani, kadi anayo, kituo chake kiko mkoa mwingine kabisa, nauli hana na hata angekuwa nayo angelala wapi, mabweni yamefungwa? Siku ya kura alishinda anasikiliza redio. Maelfu ya vijana wamefungiwa nje kwa kalenda tu, bila bomu la machozi hata moja, halafu mnaandika makala kwamba vijana hawajali.

Wanaosema tatizo ni hulka ya Mtanzania watazame Zanzibar. Siku ile ile, jua lile lile, Zanzibar walijitokeza karibu asilimia 90. Kwenye urais wa Zanzibar, Dk. Shein wa CCM kapata asilimia 50.1, Maalim Seif wa CUF 49.1. Pale kura yako moja ina uzito na kila mtu analijua hilo. Walishapiga kura ya maoni Julai, wakakubaliana kwamba atakayeshindwa naye ataingia serikalini. Sasa linganisha na huku bara, ambako kuna majimbo mbunge kapita bila kupingwa, hadi Katavi, jimbo la Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa wakati huo. Huyo mwananchi wa Katavi aliyetaka mbunge mwingine angechagua nani, ukuta?

Mgombea binafsi, asiye na chama, naye wamemkataa. Mahakama Kuu ilisema ruksa, Mahakama ya Rufani mwezi Juni ikasema hilo si letu, pelekeni bungeni. Kwa maana hiyo chama kikishakata jina la mtu mnayempenda kwenye kura zake za ndani za kuteua wagombea, mnabaki na mliyewekewa, mkitaka msitake. Nawafahamu watu waliosusa kwa sababu hiyo tu, na walisusa tangu Agosti.

Juu ya yote hayo, ibara ya 41 ya Katiba inasema mwenye kura nyingi zaidi ndiye Rais, hata zikiwa chache namna gani, na Tume ikishamtangaza hakuna mahakama ya kuhoji. Zamani alitakiwa apate zaidi ya nusu ya kura, mwaka 2000 wakaifuta. Wangejitokeza watu milioni moja, Rais angeapishwa vile vile na mizinga ingepigwa vile vile. Sasa nani mwenye haraka ya kutafuta waliobaki nyumbani?

Mimi nataka vitu viwili na sitaki siasa ndani yake. Tume ibandike idadi ya waliojitokeza jimbo kwa jimbo, kituo kwa kituo, tuone wapi palikuwa patupu na kwa nini. Na daftari lisafishwe kuanzia sasa, sio miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Na kabla hujanijibu kwamba mimi ni wa chama fulani, taja kwanza kituo chako: orodha ilikuwa na majina mangapi na waliopiga walikuwa wangapi? Fomu za matokeo zilibandikwa mlangoni, najua mlizipiga picha.