Nyumba za wapangaji New York: kwa nini shimo la hewa la 1879 halikufaa, na vyoo vya uani viliondolewaje?

Bwana_Afya_Mtaa aliuliza:

Habari wakuu. Sheria ya mwaka 1879 ya New York ilitaka kila chumba cha kulala kwenye ghorofa za wapangaji kiwe na dirisha la nje. Wajenzi wakaitii kwa kuacha shimo la hewa ubavuni mwa nyumba. Mwaka 1901 ikatungwa sheria nyingine, kali zaidi. Lile shimo lilikuwa na kasoro gani hasa? Na nyumba zilizokuwa zimeshajengwa, vyoo vyake vilirekebishwaje?

FundiRamani alijibu:

Mkuu, chukua vipimo utaona mwenyewe. Kiwanja cha kawaida kilikuwa futi 25 kwa 100. Nyumba ilibanwa kiunoni, ukabaki upenyo wa inchi 28 hivi ubavuni. Jirani naye akifanya hivyo hivyo, mnapata mwanya usiofika futi 5 kati ya kuta mbili za ghorofa 5 au 6, yaani karibu futi 60 kwenda juu. Kina kinazidi upana zaidi ya mara 12. Hapo mwanga wa jua unaishia kwenye madirisha ya juu. Wa ghorofa ya kwanza anawasha taa mchana kweupe.

Hewa nayo haikutembea. Shimo lilizibwa pande zote nne, na chini hapakuwa na njia ya kuingiza hewa mpya, kwa hiyo hakuna kilichoisukuma ile iliyochoka. Harufu ya jiko la chini iliingia dirisha la juu. Taka zilitupwa humo humo, na mara nyingi hapakuwa na mlango wa kuingilia kuzizoa, zikaoza. Moto ukianza chini, shimo linakuwa dohani: miali inapanda na kuingia madirishani kila ghorofa.

Kila ghorofa ilikuwa na familia 4 na vyumba 14. Vilivyopata mwanga wa moja kwa moja ni 4 tu, viwili vya mbele na viwili vya nyuma. Kwangu mimi kosa la sheria ya 1879 liko hapo: ilidai dirisha, haikudai ukubwa wa nafasi iliyo nje ya dirisha. Ile ya 1901 ilianza na nafasi. Nyumba mpya kwenye kiwanja cha katikati ya mtaa isizidi asilimia 70 ya kiwanja, na madirisha ya chumba yafike angalau sehemu moja ya kumi ya sakafu. Kwenye futi 25 hesabu haikulipa tena, ndiyo maana wajenzi wakaanza kuunganisha viwanja.

Bomba_na_Kiwiko alijibu:

Nijibu upande wa vyoo. Uani palikuwa na hodhi refu la chuma au matofali lenye maji, juu yake vibao vya kukalia vimepangwa mstari, na mwisho mmoja kuna kizibo kinachoelekea bomba la maji taka la mtaa. Kizibo kilifunguliwa mara moja kwa siku, pengine kwa siku kadhaa hakikuguswa. Hata kikifunguliwa, maji yalikuwa yametandaa kwenye hodhi refu bila nguvu ya kusukuma. Kinyesi kikaganda kwenye kuta na pembe. Nzi wanatua hapo, kisha wanaingia jikoni. Hodhi la matofali likipasuka, linavuja kwenye udongo wa msingi.

Sheria ya 1901 iliamuru haya mahodhi yaondolewe na vijengwe vyoo vya kuvuta, angalau kimoja kwa kila familia mbili kwenye nyumba za zamani. Nyumba mpya: kila familia chake. Kila choo kiwe na maji yake, na kiwiko, yaani bomba lililopinda, kinachobaki na maji ili gesi ya bomba isirudi. Vibao vya kuzungushia choo vilipigwa marufuku, maana nyuma yake ndiko uchafu unakojificha.

Mabomba ya choo cha ghorofani yanataka bomba la kupumulia hadi juu ya paa. Bila hilo, wa ghorofa ya nne akivuta maji, mvuto unanyonya maji ya kiwiko cha chini na harufu inapanda. Kwa vyoo vya kuvuta vilivyojengwa uani shida ni barafu: kiwiko na vali vifukiwe chini ya kina kinachoganda, la sivyo vinapasuka majira ya baridi.

Wenye nyumba walipinga. Katie Moeschen alifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani akipinga amri ya kuondoa hodhi lake. Alishindwa kwenye mahakama ya rufaa ya New York mwaka 1904, na Mahakama Kuu ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 1906.

Bwana_Afya_Mtaa:

Shukrani sana wakuu. Na vile vyumba vya ndani visivyo na dirisha kabisa?

FundiRamani:

Hapo sheria ililegea. Mwenye nyumba alitakiwa kutoboa dirisha la futi 3 kwa 5 kwenye ukuta wa kuingia chumba cha pili, chenye mwanga. Mwanga uliofika humo ulikuwa mabaki tu, na mpangaji akitundika pazia kwa ajili ya faragha, hata hayo mabaki yanapotea. Kwa kifua kikuu ni hatari, kwa sababu vijidudu vyake hufa juani lakini hudumu muda mrefu gizani. Kilichosaidia zaidi ni idara ya ukaguzi iliyoundwa kwa sheria hiyo: ramani zilipitiwa kabla ya ujenzi, na nyumba mpya haikuingiwa na mtu bila cheti.